Sifuri Iliyotajwa Ili Ikataliwe

Mshenga aliyeizoea kazi yake anajua kwamba kiasi cha kwanza cha mahari hakitajwi ili kilipwe. Hutajwa ili kuupima upande wa pili: watashtuka, watacheka, au wataomba kutoka nje kidogo wakanong'one? Lakini mshenga huyohuyo anaijua pia hatari yake. Ipo siku upande wa pili utaitikia, "Tumekubali." Hapo ndipo itakapojulikana kama waliotaja kiasi kile walitaka kweli kumwoza binti yao, au walikuwa wakitafuta njia ya heshima ya kumkataa mchumba.

Tarehe 18 Novemba 1981, Rais Ronald Reagan wa Marekani alisimama mbele ya waandishi wa habari jijini Washington akataja kiasi chake. Kilikuwa sifuri. Umoja wa Kisovieti uvunje makombora yake yote ya nyuklia ya masafa ya kati, naye ataacha kupeleka Ulaya makombora mapya ya Marekani. Siku kumi na mbili baadaye, wajumbe wa mataifa hayo mawili waliketi Geneva kuanza mazungumzo.

Nimeyafuatilia mazungumzo hayo kwa muda mrefu, na bado nayaona kuwa somo kubwa kuliko yote tuliyonayo kuhusu namna wakubwa wanavyopatana juu ya silaha zinazoweza kutuua sote. Sababu yake ni hiyo sifuri. Wenye busara waliiona upuuzi. Watu wawili waliojaribu kuilegeza iwe namba ya kibinadamu walikataliwa na wakubwa wao. Na miaka sita baadaye ikatiwa saini.

Tuanze na kilichokuwa mezani. Tangu miaka ya mwisho ya 1970, Wasovieti walikuwa wakiondoa makombora yao ya zamani na kuweka jipya ambalo Wamagharibi waliliita SS-20. Lilibebwa na gari kubwa la magurudumu, likafichwa msituni, likahamishwa usiku. Kila moja lilikuwa na vichwa vitatu vya nyuklia, na hapakuwa na mji mkuu wa Ulaya Magharibi ambao halikuufikia. Desemba 1979 nchi za NATO zilijibu kwa uamuzi wenye ncha mbili: zitapokea makombora mapya 572 ya Marekani, yaani Pershing II 108 na makombora ya kruzi 464, na wakati huohuo Marekani itazungumza na Moscow ili pengine yasihitajike.

Angalia hesabu ilivyokaa. SS-20 zilikuwa tayari kambini kwa mamia. Pershing II hata moja haikuwa imefika Ujerumani. Moscow ilikuwa inaambiwa itoe ng'ombe walio zizini, ipewe ndama ambao hawajazaliwa. Waliolisukuma pendekezo hilo ndani ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, Richard Perle akiwa mbele, walijua hivyo. Alexander Haig, Waziri wa Mambo ya Nje, alilipinga kwa sababu hiyohiyo. Watu wengi wakati ule, marafiki wa Marekani kwa maadui zake, walilisoma kuwa pendekezo lililotungwa ili likataliwe: Wasovieti waseme hapana, makombora yapelekwe, na lawama ibaki Moscow.

Naamini Reagan mwenyewe hakuwa miongoni mwa hao. Alizichukia silaha za nyuklia kwa chuki ya kweli, ambayo wasaidizi wake wengi hawakuipenda na baadhi yao hawakuiamini. Kwa hiyo kutoka siku ya kwanza, lengo moja lilikuwa limebeba nia mbili. Wapo walioitaja sifuri ili isipatikane, na yupo aliyeitaja kwa sababu aliitaka. Jambo la namna hii ni la kawaida mno katika mazungumzo ya silaha, na mwandishi anayesema "Marekani inataka hili" au "Urusi inataka lile" anapaswa kujiuliza kwanza: Marekani ipi? Urusi ipi? Katika mazungumzo ya kwanza ya SALT, ya kuweka kikomo cha silaha za masafa marefu, kabla ya mkataba wa 1972, Jenerali Ogarkov wa ujumbe wa Kisovieti alimvuta kando mjumbe mmoja wa Marekani akamwomba wasitaje idadi na sifa za silaha za Kisovieti mbele ya wanadiplomasia wa Kisovieti. Hayo yalikuwa mambo ya jeshi, na wenzake wa kiraia hawakupaswa kuyajua. Adui alikuwa anajua zaidi kuliko mtu aliyeketi kiti cha pili.

Geneva, ujumbe wa Marekani uliongozwa na Paul Nitze, mzee wa miaka 75, aliyekuwa ameshughulika na nyuklia tangu alipokwenda Japani baada ya vita kupima uharibifu wa mabomu. Mwenzake alikuwa Yuli Kvitsinsky, mwanadiplomasia wa miaka 45, mjuzi wa mambo ya Ujerumani. Miezi ilipita. Nitze alirudia sifuri. Kvitsinsky alirudia kwamba hesabu lazima iyaingize makombora ya Uingereza na Ufaransa, maana nayo yalimlenga yeye. Nitze alijibu kwamba hayo ni mali ya watu wengine, na hana mamlaka nayo. Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Tarehe 16 Julai 1982 waliondoka mjini wakapanda milima ya Jura, karibu na kijiji cha Saint-Cergue. Gari liliwashusha juu, likatangulia kuwangoja bondeni, nao wakateremka kwa miguu wakizungumza. Walipochoka walikaa kwenye gogo. Nitze alitoa karatasi alizokwisha kuandaa, ambazo hakutumwa na mtu yeyote kuziandika. Wakapitia namba moja baada ya nyingine, Kvitsinsky akirekebisha hapa na pale, mpaka mvua ilipoanza kunyesha wakakimbilia garini kumalizia.

Walichokubaliana kilikuwa hiki: kila upande ubaki na mitambo 75 ya kurushia Ulaya. Ya Wasovieti ingebeba SS-20 zenye vichwa vitatu vitatu, jumla 225. Ya Marekani ingekuwa ya makombora ya kruzi, manne kwa kila mtambo, jumla 300. Kwa nini Mmarekani apewe zaidi? Kwa sababu angeziacha kabisa Pershing II, na Pershing II ndiyo iliyowakosesha Wasovieti usingizi. Kombora la kruzi huruka chini kama ndege na huchukua saa kufika. Pershing ingefika ndani ya dakika chache, kabla viongozi hawajajua la kufanya. Makombora ya Uingereza na Ufaransa yasingehesabiwa. SS-20 za Asia zingebaki 90, zisiongezwe.

Nikiusoma mpango huo leo naona kazi ya mafundi. Kila mmoja alikuwa amejiuliza mwenzake anaogopa nini hasa, akaacha kile kilichomtia hofu mwenzake na kushika kile ambacho mwenzake angeweza kukivumilia. Hayo ndiyo malengo yaliyochujwa vizuri. Lakini washenga walikuwa wamepatana mahari bila wazee. Washington ilikataa kuachia Pershing huku Wasovieti wakibaki na makombora yao ya kasi. Perle na Waziri wa Ulinzi Caspar Weinberger waliupinga vikali mpango huo, na Reagan akakubaliana nao. Moscow ilikataa pia, kwa kuwa haikuwa tayari kukubali hata kombora moja jipya la Marekani kwenye ardhi ya Ulaya. Kvitsinsky alirudi Geneva na hapana, akamkuta Nitze naye ana hapana yake.

Mwaka uliofuata ulikuwa mbaya. Mamia ya maelfu ya watu waliandamana Bonn, London na Roma. Usiku wa kuamkia 26 Septemba 1983, Luteni Kanali Stanislav Petrov, aliyekuwa zamu katika kituo cha tahadhari kusini mwa Moscow, aliona mitambo ikimwambia kwamba makombora matano ya Marekani yalikuwa njiani. Akaamua mwenyewe kwamba ni hitilafu, akaripoti hivyo. Alikuwa sahihi. Tarehe 22 Novemba bunge la Ujerumani Magharibi likaidhinisha Pershing, na kesho yake Wasovieti wakaondoka Geneva. Meza ikabaki tupu.

Katika ukimya huo ndipo ilipotokea sauti ambayo sisi wa pwani hii tungepaswa kuikumbuka kuliko tunavyoikumbuka. Mei 1984, Mwalimu Julius Nyerere alitia saini tamko la pamoja na viongozi watano wa nchi nyingine: Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Uswidi, Raúl Alfonsín wa Argentina, Miguel de la Madrid wa Meksiko na Andreas Papandreou wa Ugiriki. Wakataka majaribio ya nyuklia yasimame, utengenezaji usimame, kisha upunguzaji uanze. Agosti 1986, viongozi wa nchi hizo sita wakikutana Ixtapa huko Meksiko, hawakuishia kulalamika. Walijua kwamba kisingizio kikubwa cha kuendelea na majaribio kilikuwa kwamba hayawezi kuhakikiwa. Kwa hiyo walijitolea kupeleka wataalamu wa nchi zao kusaidia kuhakiki kama majaribio yamesimama kweli. Wakubwa hawakuitumia nafasi hiyo. Hata hivyo wazo lenyewe, kwamba asiye na bomu ana haki ya kutaja lengo na ana uwezo wa kusaidia kulipima, lilikuwa la haki. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, kule Katanga, katika nchi ya watu wanaozungumza Kiswahili. Afrika haikuwa mgeni kwenye jambo hili hata siku moja.

Miezi miwili baada ya Ixtapa, Reagan na kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, Mikhail Gorbachev, walikutana Reykjavik, katika nyumba ya Höfði, nyumba nyeupe ya mbao iliyojengwa 1909 kwa ajili ya balozi mdogo wa Ufaransa, ikitazama bahari. Habari ya Reykjavik husimuliwa kwa mchana wa Jumapili, 12 Oktoba, viongozi hao wawili walipokaribia kukubaliana kuzifuta silaha zote za nyuklia. Mimi huvutiwa zaidi na usiku uliotangulia.

Saa mbili usiku wa Jumamosi, wataalamu wa pande zote waliingia chumbani. Nitze, sasa ana miaka 79, aliongoza Wamarekani. Wasovieti hawakuongozwa na mwanadiplomasia. Aliyeingia alikuwa Marshali Sergei Akhromeyev, Mnadhimu Mkuu wa majeshi yao, mtu aliyepigana Leningrad akiwa kijana mdogo, ambaye alimwambia George Shultz, aliyekuwa sasa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, kwamba yeye ndiye wa mwisho katika kizazi cha vita aliyebaki kazini. Wamarekani hawakutegemea kumwona. Walitambua upesi kwamba huyu hahitaji kupiga simu ili kujua jeshi linaweza kuacha nini.

Kilichowakwamisha kilikuwa maana ya neno nusu. Wasovieti walisema kila upande ukate nusu ya silaha zake za masafa marefu, aina kwa aina. Nitze akasema nusu ya visivyo sawa ni visivyo sawa. Tunachotaka ni kikomo kimoja kwa wote, awe mtu amekata kingi au kidogo kukifikia. Saa nane usiku wakavunja kikao. Nitze akaenda kumwamsha Shultz. Akhromeyev akaondoka, na kila mtu alijua anakwenda kwa nani. Aliporudi, alikubali kikomo cha pamoja. Kabla ya mapambazuko walikuwa na namba: vichwa 6,000 na vyombo 1,600 vya kuvibeba. Walikuwa pia na kanuni ya kuhesabu ndege: ndege yenye mabomu ya kawaida ya nyuklia ya kudondosha na makombora mafupi ihesabiwe kichwa kimoja, hata kama imebeba zaidi. Kanuni hiyo inaonekana ya ajabu mpaka ufikirie kwamba ndege huchukua saa nyingi na inaweza kurudishwa njiani. Kombora halirudishwi. Namba za usiku ule ndizo zilizoingia katika mkataba wa START uliotiwa saini Moscow tarehe 31 Julai 1991.

Mchana wa Jumapili kila kitu kilining'inia kwenye neno moja: maabara. Reagan alikuwa na mpango wa ngao ya kuzuia makombora angani, ambao magazeti yaliuita Vita vya Nyota. Gorbachev alitaka kwa miaka kumi utafiti wake ubaki ndani ya maabara. Reagan aliwaahidi watu wake kwamba hataiacha ngao hiyo. Gorbachev aliamini kwamba akirudi nyumbani bila neno hilo ataonekana ametoa vyote bila kupata kitu. Walitoka nje jioni wakiwa na nyuso ambazo hazikuhitaji mkalimani. Na waliostuka zaidi walikuwa marafiki. Mwezi uliofuata Margaret Thatcher, Waziri Mkuu wa Uingereza, alipanda ndege hadi Camp David kutaka maelezo: vipi silaha zinazoilinda Ulaya zikaribie kufutwa mwishoni mwa juma moja bila Ulaya kuulizwa? Alikuwa kama mjomba wa binti ambaye mahari imepangwa bila yeye kuitwa. Sikubaliani na mapenzi yake kwa bomu, lakini lalamiko lake lilikuwa na msingi, na kila mpatanishi wa leo mwenye washirika analijua.

Tarehe 28 Februari 1987 Gorbachev alilifungua furushi. Mpaka siku hiyo makombora ya Ulaya, silaha za masafa marefu na ngao ya angani vilikuwa vimefungwa pamoja: vyote au hakuna. Sasa akasema makombora ya masafa ya kati yazungumzwe peke yake. Nadhani huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika hadithi hii, na aliuchukua bila kulipwa chochote. Aliyefunga vitu pamoja huwa anajipa nguvu ya kudai, lakini pia hujinyima uwezo wa kupata kidogo. Gorbachev alihitaji kupata kitu, kwa sababu nchi yake ilikuwa inachoka kulipia silaha, na kwa sababu Pershing zilikuwa zimekwisha kuwekwa.

Hivyo akaisema ile kauli ya mshenga: tumekubali. Sifuri. Hata ya Asia, sifuri. Hata makombora mafupi ya kuanzia kilomita 500, sifuri. Washington na katika miji mikuu ya Ulaya wakaonekana watu waliotaja sifuri kwa miaka mingi wakianza ghafla kueleza hatari zake. Moscow nako lilitolewa kombora jipya la Oka, ambalo wanajeshi walishikilia kwamba masafa yake hayafiki hata kilomita 500. Akhromeyev hakuisahau hasara hiyo.

Mkataba ulitiwa saini Washington tarehe 8 Desemba 1987. Hadi katikati ya 1991 makombora 2,692 yalikuwa yameharibiwa: ya Kisovieti 1,846, ya Marekani 846. Yalilipuliwa, yalichomwa, yalikatwakatwa, na baadhi ya SS-20 zilirushwa bila vichwa. Ni sehemu ndogo tu ya silaha zote, maana dunia wakati ule ilikuwa na vichwa vya nyuklia zaidi ya 60,000, na hata vichwa vya makombora yaliyoharibiwa havikulazimika kuharibiwa. Hilo lisemwe wazi.

Kipya kilikuwa kuhakiki. Reagan alifundishwa na mwandishi Suzanne Massie methali ya Kirusi isemayo amini lakini hakiki, akaitumia mpaka Gorbachev akamtania kwamba huirudia kila wanapokutana. Sisi tuna yetu iliyo kali zaidi: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka arobaini Wasovieti waliwaona wakaguzi kuwa majasusi wenye vibali. Sasa walikabidhi daftari: kila kambi, kila kombora, kila mtambo, pamoja na ramani. Kisha wakaguzi wa Marekani wakahamia Votkinsk, mji aliozaliwa Tchaikovsky, wakakaa kwenye lango la kiwanda kwa miaka kumi na tatu. Sababu ilikuwa ya kifundi kabisa. Kiwanda hicho kilikuwa kikiendelea kuunda kombora jingine, SS-25, lililoruhusiwa, na sehemu yake ya chini ilifanana na ile ya SS-20 iliyopigwa marufuku. Ilibidi mtu asimame pale apime kinachotoka. Warusi nao walikaa kwenye lango la kiwanda cha Magna, jimbo la Utah. Watu hao walisherehekea sikukuu pamoja na kubishana juu ya vipimo. Hakuna hotuba ya rais iliyofanya kazi kubwa kuliko yao.

Hiyo ndiyo sababu naumia ninapoangalia yaliyofuata. Marekani ilijitoa rasmi katika mkataba huo tarehe 2 Agosti 2019, ikiilaumu Urusi kwa kuunda kombora lililopigwa marufuku. Urusi ilikana, na yenyewe ikailaumu Marekani. Mkataba mpya wa START wa 2010, ulioweka kikomo cha vichwa 1,550 vilivyo tayari kwa kila upande, uliongezewa muda hadi 5 Februari 2026 na si zaidi. Dunia ina takriban vichwa 12,000 sasa, pungufu mno kuliko enzi ya Reykjavik, na upungufu huo ulitokana na meza kama hizi.

Maswali yaliyopo yanafahamika kwa yeyote aliyesoma habari za Geneva. Washington inataka China iingie katika hesabu. Beijing inajibu kwamba aliye na vichache hawezi kuitwa kupunguza sawa na mwenye vingi. Februari 2023, Vladimir Putin alipotangaza kuusimamisha ushiriki wa Urusi katika mkataba mpya wa START, alitaja tena silaha za Uingereza na Ufaransa, hoja ileile ya Kvitsinsky. Nitze alifariki 2004, Kvitsinsky 2010. Ukaguzi wa kambi chini ya mkataba huo mpya wa START ulisitishwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, ikisemwa kwamba ni kwa muda tu. Haukurejea.